Kadi

Tukuyu, mwezi wa nne. Nguo zangu zina siku tano kambani
na bado zinafikiria.
Ukungu unaingia bila hodi, unakaa kitandani, kwenye chumvi,
kwenye madaftari ya Kidato cha Pili.
Nilipoilaza kompyuta kifudifudi,
nikalegeza skrubu saba na kuufungua mgongo wake,
nikaukuta mwingine humo, wa kijani, umejitandaza
juu ya kadi iliyokufa tangu Krismasi.
Ukungu wa nje, ukungu wa ndani:
lugha yetu haikuona haja ya majina mawili.

Kadi ninazozijua:
ya kliniki, uzito wa Tumpe ukipanda na kushuka kwa kalamu ya bluu;
ya mchango wa harusi, elfu thelathini, na wawili hamsini.
Hii ni ndogo kuliko zote, biskuti iliyokatwa nusu.
Gwamaka aliichomoa kwenye maiti ya kompyuta, Mwanjelwa,
akaifunga kwa karatasi ya mtihani wa mtu
aliyepata kumi na tisa ya hisabati.
Elfu kumi na mbili, mwalimu.
Na hayo meno ya dhahabu usiyashike kwa mkono wenye mafuta.

Nikanawa. Nikajifuta kwa kanga.
Nikaichomeka kwa mshazari, kama mtu anayeingia kanisani
mahubiri yameshaanza,
kisha nikaikandamiza ikalala. Tki.
Waya mweupe, waya mweusi, vichwa vyake punje za ulezi;
ukikosea vinaruka, unapiga magoti na tochi ya simu
umebana pumzi.
Upi unakaa wapi? Gwamaka alinieleza.
Alichoeleza kilibaki Mwanjelwa.

Ikawaka. Ikaniuliza dereva yuko wapi.
Dereva yuko mtandaoni.
Na mtandaoni nitaendaje, ewe kiumbe, bila dereva?
Nikacheka peke yangu mpaka Tumpe akaamka.

Siku mbili baadaye dereva alifika
ndani ya flashi, ndani ya bahasha,
mfukoni mwa kijana aliyepeleka maparachichi Mbeya.
Nikampakia. Akakubali. Nikazima, nikawasha.
Msalaba mwekundu kwenye kona, palepale.

Saa tano usiku. Nikafungua tena skrubu saba.
Nikafunga sita. Ya saba sijui iko wapi hadi leo.
Nikatukana kwa Kinyakyusa,
maana Kiswahili nafundishia.

Kisha, kwa kuchoka tu, nikaegemeza kiganja ukingoni
na kucha ikagusa kidude cha kuteleza, jino la maziwa,
kimejificha chini, pembeni, kimesukumwa kushoto.
Miaka mitatu sikuwahi kukiona.
Tumpe alikiona. Tumpe, Krismasi, vidole vimejaa sukari.
Basi huenda kadi ya kwanza haikufa.
Iko kwenye kopo la vifungo, nimeizika hai.
Sitaki kujua.

Nikakisukuma kulia.

Majina yakajitokeza moja moja
kama watu wanaopanda mlima asubuhi, kofia kwanza:
Parokia.
Gesti ya Juu.
USIOMBE NYWILA.
Na chini yao, karibu kuliko wote, upinde umejaa,
Dawa Baridi kwa Atuganile,
na kikufuli.

Nikafungua dirisha. Ukungu ukaingia, hauna haya.
Ng'ambo ya uzio taa ya Atuganile ilikuwa inawaka,
njano, imevimba, kama kiini cha yai.
Nikaizungushia midomo viganja:
Atuganileee! Namba ya siri ni ngapi?
Sauti ikaenda bila waya,
ikakawia kidogo,
ikarudi:
Mpaka unirudishie sufuria yangu.